Saumu za Ghalia

Walthamstow,
Landani.
6 Desemba 2007.

Mpendwa mdogo wangu Mwanamwema,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai u mzima pamoja na wote wa nyumbani hapo Wete, na kwamba goti lako limetulia. Sisi hapa tuko hai. Mke wangu Suad ana kikohozi kisichotaka kumwachia, nami macho yangu huchoka mapema, maana siku hizi jua la hapa huchwa saa kumi alasiri, na siku nyingine halionekani kabisa. Tunamshukuru Mungu kwa hayo pia.

Barua hii naitia mkononi mwa Mwadini, anayesafiri Jumamosi. Sikutaka kuyasema haya kwa simu kwa kuwa najua simu yako husikilizwa na nyumba nzima. Isome peke yako, uifikishe mwisho, ndipo ulie ukitaka.

Mwanao Ghalia anaumwa. Hana homa wala kidonda. Ugonjwa wake ni kutokula. Amekonda hata ile pete ya uchumba aliyovishwa na mama yake Hussam, mchumba wake, haikai kidoleni; ameizungushia uzi ndani ili isianguke. Daktari alimpima juzi akasema moyo wake unapiga polepole mno kwa msichana wa umri wake, na kwamba damu yake imepungukiwa na chumvi ambazo moyo hauendi bila hizo. Alinitazama mimi aliposema kuwa watu hufa hivyo, wamelala, bila kelele.

Utauliza sisi tulikuwa wapi. Tulikuwa naye mezani. Ramadhani ilipokwisha, alifunga zile sita za Mfungo Mosi. Kisha akasema analipa siku zake. Kisha akaingia kwenye Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine katikati ambazo hatukuzihesabu. Suad akawasimulia wanawake wenzake msikitini, nao wakamwombea dua. Nawe ulipiga simu ukasema umefurahi, kwa kuwa Ulaya haikumharibu mwanao. Hakuna hata mmoja wetu aliyetazama anafuturu nini. Alikuwa akifungua kwa tende moja na maji, kisha anakwenda chumbani kusoma. Angekuwa mtoto wa jirani aliyekataa chakula, tungemkimbiza hospitali. Huyu wetu tulimsifu.

Aliyegundua si mtu wetu, na inafaa ujue ilivyokuwa.

Unajua kwamba Ghalia humsaidia Ann, mwalimu wake wa chuo kikuu. Kazi yao ni kupima jinsi Wachina wa hapa Landani, vijana kwa wazee, wanavyoiheshimu na kuiridhia miili yao. Mtu husomewa kauli, kama vile “Mwili wangu umenitendea mema,” au “Mwili wangu ukiomba chakula, nausikiliza,” naye hujibu kwa kiasi anachokubali, tangu moja mpaka tano. Niliposikia mara ya kwanza niliona ni upuuzi. Heshima si kitambaa hata ipimwe kwa futi. Baadaye nikaona jambo lenyewe lina uzito. Ann anataka kujua kama kauli ile ile ina maana ile ile kwa msichana wa miaka ishirini na kwa bibi wa miaka themanini. Ghalia alitueleza kwamba wasichana, kabla ya kujibu, hujitazama. Huvuta shati, huingiza tumbo ndani. Wazee hawajitazami. Bibi mmoja alimjibu, “Mwili huu umebeba magunia ya mchele na watoto, na leo umepanda ngazi kuja hapa. Niulaumu kwa lipi?” Kijana na mzee huweza kutoa tano ile ile, mmoja kwa ajili ya kioo, mwingine kwa ajili ya magunia, na Ann hajui kama ana haki ya kuzijumlisha pamoja.

Alitusimulia hayo akicheka, sahani yake kavu mbele yake. Nasi tukacheka.

Bibi huyo wa magunia anaitwa Bibi Leung, mtu wa Hong Kong, na Ghalia humkuta katika klabu ya wazee wa Kichina wanapopewa chakula cha mchana. Siku moja, katikati ya kusomewa kauli, alimshika Ghalia kifundo cha mkono akakizungushia vidole, na vidole vikapitana. Akamuuliza, “Na wewe, hii unaipa ngapi?” Ghalia akajibu kuwa yeye haulizwi. “Basi umekula?” Akajibu kuwa amefunga. Juma la pili yake jibu likawa lile lile.

Alhamisi iliyofuata, Magharibi imeshaingia, kengele ya mlango ikalia. Nikamkuta bibi mfupi, koti limelowa, amekumbatia chupa ya chai, na Ghalia nyuma yake ameinamisha kichwa. Bibi huyo alikuwa amepanda treni hadi kituo cha mwisho ili awaone watu wanaomnyima binti huyu chakula.

“Wewe ndiye baba?” akaniuliza.

“Mimi ni mjomba wake.”

“Mjomba, mbona wewe umeshiba?”

Suad akatoka jikoni amekasirika. “Mwambie, Bwana, nyumba hii haimnyimi mtu. Mtoto anafunga.”

Nikamfasiria. Bibi Leung akasema, “Nimelala na njaa wakati wa vita. Mwenye njaa hukitazama chakula. Huyu hukikimbia.” Kisha akaifungua ile chupa. Ilikuwa supu. Suad, akihofia nguruwe, akarudi nyuma hatua moja, na bibi akamfahamu usoni. “Samaki! Samaki na tangawizi. Nusa mwenyewe.”

Suad akanusa, akaleta bakuli.

“Nimeshafuturu, mjomba,” alisema Ghalia.

“Kwa kitu gani?”

“Kwa tende.”

Nikamwamuru anywe. Akanywa vijiko viwili, kisha akalia kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Ndipo nilipofahamu, Mwanamwema. Bibi Leung hakumbembeleza. Alipokuwa akivaa koti lake alimwambia, “Juma lijalo usije kunisomea. Njoo ule na mimi.” Akaondoka peke yake katika mvua; hakukubali nimsindikize.

Sababu yake siijui yote. Alimwambia Suad kwamba ilianza kwenye harusi ya Miska kule Harrow, kiangazi kilichopita. Wanawake walimzunguka wakimwambia, “Mashallah, umejaa, Landani imekukubali!” Kwetu hiyo ni sifa. Lakini ameishi hapa miaka mitatu, akayasikia kwa masikio ya hapa. Akacheka nao mpaka mwisho wa harusi, na tangu siku hiyo hajala akashiba. Aliifanya saumu kuwa mahali pa kujificha, pahali ambapo hakuna Mwislamu atakayemfuata kumtoa.

Sasa nisikilize. Mwezi wa Mfungo Tatu, mwezi wa hija, utaandama Jumatatu au Jumanne, naye ameshanuia kuzifunga siku zote tisa kabla ya Idi. Daktari amesema moyo wake hautazistahimili. Mimi nimemkataza. Suad amemlilia. Sheikh wetu amemweleza kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula hata Ramadhani, na kwamba saumu ya sunna inayomdhuru mtu haina thawabu. Anatusikiliza kwa adabu, kisha anatoa jibu moja tu: “Mama amefurahi. Mnataka nimvunje moyo mama yangu?”

Jibu hilo sisi hatuna pa kulishika. Ni wewe peke yako unayeweza kumnyang’anya. Ile furaha uliyomwambia, iondoe. Mpigie Jumatatu saa nne asubuhi ya huko, kwetu itakuwa saa moja, kabla hajatoka nyumbani. Usimuulize amekonda kiasi gani. Usimwambie atanenepa. Usiutaje mwili wake kwa wema wala kwa ubaya. Mwambie kwamba wewe, mama yake, hutaki afunge, ya kuwa radhi yako iko katika kula kwake. Kisha usikate simu. Kaa umsikilize akitafuna.

Harusi yake ya baada ya Idi haitakuwapo. Nimeshamwandikia baba yake Hussam, na lawama zake nimeziomba zije kwangu.

Wasalimie shemeji Abdulwakil, wanao Amir na Mardhiya, na majirani wote wanaotuuliza. Suad anakusalimu. Ghalia nilimwambia aongeze neno lake hapa chini. Alishika kalamu, kisha akairudisha mezani.

Mwenyezi Mungu aupe ulimi wako neno ambalo ndimi zetu zimelikosa.

Ni mimi kaka yako akupendaye,
Zahor

Leo ni Alhamisi. Amefunga.