Nilikuwa Nasema Sawasawa

Siku ya kwanza ya juma, 10 mars

Tena zile boîte. Asubui yote macho imefungwa na kitambaa, sawa mbuzi ya kuchinja. Clarisse ananiwekea mu mukono boîte, mukebe ya maziwa, ndani alijaza muchanga. "Hii na hii, Mama, gani nzito?" Andika vile nasema, Clarisse, usitengeneze. Unaikala kwangu, unakula bukari yangu, unasoma psychologie ku université, na zile boîte ni za masomo yako. Miye sikusoma. Basi andika.

Mukono yangu haidanganyake. Miaka makumi tatu nauzisha samaki ya kukauka ya Pweto, nanyanyua fungu na najua. Kulikuwa mwanaume moja wa Kilwa ya huku kwetu, alikuwa anamwangia samaki maji juu ipate uzito. Nilimutupia fungu yake ku uso. Damu ya pua. Nilifurahi siku yote.

Leo mukono ilidanganya. Mu boîte ya kidogo akiongeza kijiko moja, nasikia palepale. Mu ile ya kubwa, kijiko ile ile, sisikie kitu. Anasema bantu bote beko vile. Kitu ikisha kuwa nzito, mpaka uongeze mingi njo mukono isikie. Nilikasirika.

Jana Trésor alimupiga tena Odette. Odette ni mutoto yangu, Trésor ni bwana yake. Beko mu nyumba kubwa ya parcelle yangu, miye na Clarisse tuko mu annexe, nyumba kidogo ya pembeni. Kati yetu, ukuta moja. Nilisikia kichwa yake ku ukuta mara tatu. Asubui alikuya, mudomo imepasuka. Nilimuambia: ni ile ile ya siku zote, vumilia.

Siku ya tatu, 12 mars

Leo boîte saba. Ya kwanza na ya pili? Sawasawa. Ya pili na ya tatu? Sawasawa. Vile vile mpaka ya saba. Nilichoka.

Kisha akanipa ya kwanza ku mukono ya kushoto, ya saba ku ya kuume. Ya saba ilitaka kuniangusha. Nilimutukana Clarisse, nilifikiri aliibadirisha. Hapana. Kila mara aliongeza kidogo tu, na miye kila mara sikusikia.

Nilitoa kitambaa. Nikaikala chini mu muchanga. Clarisse aliogopa, akaniletea maji.

Sababu nilikuwa namufikiria Odette.

Mwaka ya kwanza Trésor alimupiga kofi moja, juu ya maharagi ya kuungua. Kofi moja! Familia yote ilisimama, bajomba balimukalipia, akapiga magoti. Kisha kofi mbili. Si mbali na ile. Kisha ngumi. Kisha mukaba ya suruali. Kisha mukaba ku ile fasi ya chuma. Mwezi iliyopita, pasi ya moto ku mugongo. Kila mara nilipima na ya wiki iliyopita. Kila mara nilisema sawasawa.

Na baba yake Odette, ule wa ku reli, alinivunjaka mbavu mbili, Mungu amuweke pale anamuweka. Mukono yangu ilikuwa imejaa tangu zamani. Kijiko ya mutoto yangu ningeisikia namna gani?

Andika: miye ni mupumbavu. Andika munene.

Siku ya tano, 14 mars

Nilimuita Odette. Nikamuambia: sahau jana. Weka kofi ya kwanza huku. Weka pasi huku. Akaangalia mikono yake sawa kuko kitu ndani.

"Weye njo ulisema nivumilie."

Akatoka. Alisema kweli.

Nataka atoke mule mbele Trésor hajamuua. Ni ile tu nataka. Samaki inaoza ku soko, na ioze.

Siku ya posho, 15 mars

Clarisse, andika mbio.

Saa kumi Trésor alirudia kutoka Golf, kwa batajiri, kule anaendesha motokari ya patron yake. Makelele. Ukuta inapiga. Nilikuwa naponda sombe, majani ya muhogo, inje. Kisha kimya. Ile kimya njo ilinisimamisha.

Kwetu mama haingie mu chumba ya mukwe wake. Ata kumuangalia mu macho ni haya. Tunaitaka buko. Miaka kumi na moja sijakanyaga mule. Nilikanyaga, na muti ya kutwangia mu mukono.

Trésor alikuwa amekaa juu yake. Mikono yote mbili ku shingo. Macho ya Odette imekuwa nyeupe.

Nilipiga mukono. Mufupa ilivunjika, niliisikia. Nikapiga bega. Nikapiga goti. Akalia: "Mama-mukwe! Buko!" Angalia ule. Anaua muntu, anakumbuka heshima! Nikamupiga mara ya ine.

Ya ine haikukuwa ya lazima. Sijutie.

Clarisse na bajirani balimubeba Odette ku hôpital. Anapumua.

Siku ya Mungu, 16 mars

Bajomba ya Trésor balikuya, batatu, na makoti ya misa. Mukono yake imefungwa mu plâtre, banasema, na police ilisha kumubeba. Hapana moja aliuliza Odette iko namna gani. Banasema nilivunja buko, nitoe mbuzi mweupe.

Nikabajibu: "Mbuzi nitatoa. Mutoto sitoe."

Mukubwa wabo, ule mwenye tumbo, akasema: "Mama, ile ni mambo kidogo ya mu ndoa." Kidogo! Nikashika muti yangu. Balikimbilia viatu. Moja alienda na kiatu ya mwenzake.

Kisha nililia mu cuisine. Sababu ile maneno yake ilikuwa yangu.

Siku ya kwanza ya juma, 24 mars

Odette alitoka hôpital, iko kwangu, mu kitanda yangu. Miye nalala chini na Clarisse, anakoroma, sitanyamaza juu ya ile.

Munganga anasema shingo iliumia ndani. Sauti itarudia polepole. Ao hapana.

Siku kenda haniangalie. Nilimuomba musamaha mara mbili, aligeukia ukuta. Siyue kama ni shingo ao ni miye. Namupikia uji, nailainisha, naacha pale. Nikitoka, anakunywa. Nikirudia, sahani iko tupu na macho imefungwa.

Mvua inaanza kupunguka. Leo niliuzisha mafungu mbili tu. Ile mama wa pembeni yangu ku soko, ule wa chumvi, alianza kuniambia mambo ya bwana yake, nikamuambia—

Ngoja.

Kuko sauti, ku kitanda.

Clarisse anasema hakuna. Anasema ni upepo ku dirisha. Weye unasoma, miye nilimuzaa.

Kuko. Ndogo kabisa, sawa kukwaruza.

Anasema Mama.

Weka kalamu chini, naenda.