Maman Hajarudi Kutoka Msituni

Nant-y-gog, Wales
24 Machi 2024

Kwako binti yangu Anaïs,

Salamu nyingi kama matone ya mvua ya huku, na ujue mvua ya huku si mchezo. Hujambo? Hilaire mumeo hajambo? Kifua cha mjukuu wangu Numbi kimepona, au bado anakohoa asubuhi? Na mdogo wake, ameacha kunyonya kidole? Sisi huku wazima. Kaka yako Patient anaendelea na uuguzi wake hospitalini, Sioned mkewe amepata nguvu, na mtoto mchanga ananyonya kama mtu aliyekosa treni akaikuta inayofuata.

Utauliza kwa nini naandika barua wakati watu wana simu. Nyumba iko chini bondeni. Kupata mtandao lazima usimame juu ya kiti chooni na kutoa mkono dirishani. Nilijaribu mara moja. Kwa mtu wa miaka sitini na saba inatosha.

Bon, nikueleze. Msitu unaanza nyuma ya uzio wa Patient. Ukianika nguo, tawi la mwaloni liko hapo hapo limekuinamia. Wiki mbili za kwanza niliutazama dirishani tu. Unanijua: nimefundisha shule Lubumbashi miaka kumi na minane, nimeishi kwako Brussels miaka kumi na mmoja, na sijawahi kuingia msituni bila sababu.

Jumanne akaja jirani, Menna, mama wa miaka sabini na minne. Kabla hajastaafu alikuwa akigawa barua bonde zima kwa miguu. Alileta kofia ya sufu kwa ajili ya mtoto, akanitazama, akatazama viatu vyangu, akageuka akaondoka. Nikadhani nimemkosea. Kumbe amekwenda kuniletea mabuti. Yananienea!

Menna hajui Kifaransa, nami sijui Kiingereza. Basi yeye anasema Kiwelisi chake, mimi nasema Kiswahili changu, na tunaelewana kuliko wengi waliofunga ndoa. Tulitembea kwa saa mbili. Miti imechorwa alama za rangi kuonyesha njia: nyekundu ni fupi, ya buluu inafuata kijito, ya manjano inapanda mpaka juu kwenye upepo. Katika kijito nimeona ndege mnene mwenye kifua cheupe. Alisimama juu ya jiwe akitikisa magoti kama mwanakwaya, halafu akaingia majini akatembea chini ya maji, mguu mmoja baada ya mwingine. Nilipiga kelele. Menna alicheka mpaka akashika mti.

Jambo la mwisho. Nilipaswa kurudi tarehe sita Aprili. Nimemwomba Patient asogeze tiketi mpaka tarehe kumi na tano Mei, kwa sababu kuna maua ambayo Menna anataka niyaone. Usikasirike.

Mama yako


Woluwe-Saint-Lambert, Brussels
3 Aprili 2024

Maman yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema. Sisi tuko salama, Numbi amepona kifua, na mumpe mtoto busu kutoka kwa shangazi yake.

Donc, kumbe ni maua, Maman?

Watoto wanatoka shule saa tisa na nusu. Mimi natoka wodini saa kumi na moja. Nimebadilishana zamu mara tatu, na Els, mkuu wetu wa zamu, ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Wamama wa kwaya wameniuliza Jumapili mbili mfululizo kama umehama. Una rendez-vous ya daktari wa goti tarehe nane Mei, niliisubiri miezi minne kukupatia. Numbi anauliza nani atamsuka nywele, kwa sababu mimi ninamvuta.

Tena msitu? Wewe, uliyekataa kukaa kwenye majani ya bustani siku ya ubatizo wa Numbi, ukasema majani ni ya mbuzi? Tulikuletea kiti kutoka nyumbani, Maman, tukakibeba ndani ya metro.

Sisemi usifurahi. Nasema rudi.

Binti yako,
Anaïs


Nant-y-gog
28 Aprili 2024

Kwako Anaïs,

Hujambo, mwanangu? Hasira hazijambo? Namwomba Mungu uwe mzima, na Els ajaliwe usingizi mzuri.

Nijibu moja moja. Goti halijaniuma tangu tarehe kumi. Mwambie daktari amwone mgonjwa mwingine. Wamama wa kwaya wasalimie. Kuhusu shule, Hilaire anatoka kazini saa nane mchana. Miguu anayo, na shule haijahama.

Sasa sikiliza habari. Nimemwona mnyama ambaye Wafaransa humwita blaireau. Ni mnene, mfupi, uso una mistari myeusi na myeupe, anafanana na nyegere wetu lakini ana adabu zaidi. Wanachimba mashimo yao chini ya mizizi, na mbali kidogo na nyumba wanachimba vishimo vya choo. Kila mmoja anajisaidia pale, si kwingine. Nilimwambia Menna, "Nimeishi katika jengo la ghorofa saba Brussels, majirani hawakufikia hapo." Akajibu kitu kirefu kwa lugha yake, tukakubaliana.

Tena nimepewa kazi. Kuna masanduku madogo ya mbao arobaini na moja yametundikwa mitini, ya ndege kutagia. Kila wiki Menna anapanda ngazi, anafungua kifuniko, ananionyesha vidole: mayai manne, mayai sita, hakuna. Mimi naandika. Wenye msitu walipoona mistari yangu wakamwuliza Patient kama mama yake alikuwa karani. Patient akasema mwalimu. Wakasema, ahaa.

Na maua yameanza. Ya buluu, umbo la kengele, yamelala chini ya miti kama mtu ametandika kitenge kimoja kisichokuwa na mshono. Sitaeleza zaidi, nitaonekana mlevi.

Mama yako


Woluwe
19 Mei 2024

Maman,

Shikamoo, habari za siku? Tarehe kumi na nne Patient alinitumia maneno matatu: "Maman atachelewa kidogo." Kidogo ni siku ngapi? Watoto walikuwa wameshachora bango la kukupokea stesheni, Gare du Midi. Numbi ameliweka chini ya kitanda. Niandikie.

Anaïs


Woluwe
9 Juni 2024

Maman,

Hakuna barua. Nimepiga simu nyumbani kwa Patient mara mbili. Anasema, "Maman iko muzuri, anapumzika tu," kisha anaanza kuniuliza hali ya hewa ya Brussels. Patient hajawahi kujua kudanganya. Hata kwa simu nilisikia masikio yake yakiwa mekundu.

Kama umenikasirikia, niambie. Kama unaumwa, niambie upesi zaidi. Hilaire anawachukua watoto shuleni sasa. Anawapikia macaroni kila siku, lakini anawapikia.

Tafadhali, Maman.

Anaïs


Nant-y-gog
27 Juni 2024

Anaïs mwanangu,

Salamu za mapenzi, na pole. Mimi mzima. Utaona mwandiko umepinda. Mkono umetoka kwenye plasta juzi tu, na sikutaka mtu mwingine akuandikie haya.

Tarehe kumi na tatu Mei nilitoka peke yangu. Menna alikuwa amekwenda kwa daktari wa meno. Nilimwona ndege mdogo mweusi na mweupe amebeba kiwavi mdomoni, nikajua ana makinda mahali ambapo hatujaandika. Nikaacha njia, nikamfuata. Kuna ubao uliolazwa juu ya kijito. Ulikuwa na utelezi. Nilisikia mkono umevunjika kabla sijaona nimeanguka, na mguu ukabanwa kati ya mawe.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Niliita. Niliimba nyimbo zote za kwaya, sauti ya kwanza na ya pili. Mvua ikanyesha. Zilipokwisha nyimbo nikaanza kusema hesabu za kuzidisha kwa sauti ya darasani, maana ile sauti ilikuwa inafika mpaka barabarani Lubumbashi. Nilikuwa kwenye saba mara nane niliposikia mluzi wa Menna. Alikuwa amekuja nyumbani kunitafuta, akakuta mabuti yangu hayapo. Aliingia kijitoni na viatu vyake vya mjini, akanivalisha koti lake, akakaa majini kando yangu akishikilia mguu wangu, akasema, "Pole, pole, pole." Sikuwahi kumfundisha neno hilo. Amelisikia kwangu kila anapojikwaa.

Nilimwapisha Patient asikuambie. Usimgombeze. Nilijua ungepanda treni siku ile ile ukanichukua, na ungekuwa na haki. Mimi sikutaka kuchukuliwa.

Nikuambie kwa nini. Kuna mahali njia inagawanyika. Siku yetu ya kwanza Menna alisimama pale, akanyoosha kidole kushoto, akanyoosha kulia, akangoja. Nilidhani amepotea. Kumbe ananiuliza mimi napenda ipi. Anaïs, nilisimama muda mrefu, nikaona aibu, kwa sababu sikujua. Nilimaliza kumtunza baba yenu, nikaja kuwatunza wanao, na nawapenda, Mungu ni shahidi. Lakini kwako nalala sebuleni, nalala televisheni ikishazimwa, naamka wa kwanza. Nimekuwa kama saa ya ukutani: kila mtu anaitazama, hakuna anayeisalimu.

Sheria ya huku inanipa miezi sita. Mwisho wa Agosti nitarudi Brussels, hilo ni hakika. Sebuleni sirudi.

Nisamehe kwa kuandika bila kupamba. Mkono bado unauma.

Mama yako


Woluwe
4 Agosti 2024

Maman yangu,

Shikamoo. Mkono unaendeleaje? Unaukunja vizuri? Uweke kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni. Hapo nazungumza kama mtu wa hospitali.

Nimekaa na barua yako wiki tano. Kwanza nilimpigia Patient nikamwambia maneno ambayo sitayaandika. Halafu nilikwenda kwenye chumba cha mashuka kazini, nikafunga mlango, nikalia mpaka Els akaja kunitafuta. Jioni nilimsomea Hilaire. Akasema, "Lakini Maman alikuwa anapenda pale sebuleni, si ndiyo?"

Nikamwuliza, "Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Nilizania tu."

"Na mimi nilizania tu," nikamwambia. Tulikaa hivyo, taa ikiwaka, mpaka Numbi akaja kuuliza kama kuna mtu amekufa.

Alhamisi iliyopita nilikuwa na likizo. Nilikwenda Matonge, mtaa wa maduka ya Wakongo, barabara ya Chaussée de Wavre, kununua unga wa muhogo na samaki wakavu. Nilipotoka dukani sikutaka kurudi nyumbani. Nikaendelea tu mbele na barabara. Maduka ya vitenge yakaisha, zikaja saluni, zikaja nyumba zenye maua madirishani, na barabara bado ni ile ile, Chaussée de Wavre, jina halibadiliki. Kwa saa mbili nilitembea na unga begani. Na unajua inakwenda wapi, Maman? Inafika msituni. Msitu wa Soignes wote uko pale, miti mirefu imesimama kama nguzo za kanisa. Miaka yote tunanunua samaki mwanzoni mwa barabara, na hakuna aliyeuliza mwisho wake.

Nilikaa kando ya bwawa, samaki wakinuka kwenye mfuko. Mama mmoja mweupe, mzee, mwenye darubini shingoni, akanijia. "Jambo, maman. Unapotea?" Kwa Kiswahili! Anaitwa Greta, alikuwa mwalimu kwenye misioni Kolwezi zamani. Kila Alhamisi anahesabu ndege wa bwawa lile, lakini macho yamechoka, anamhitaji mtu wa kuandika. Nilimwambia mama yangu anaandika, na mistari yake imenyooka. Sikuweza kuacha hapo. Nilimwambia yote, hata sebule.

Ana chumba juu ya gereji yake, mlango wake peke yake, ufunguo wake peke yake. Dirisha linatazama miti. Mpangaji wake ameondoka mwezi wa sita. Nilikwenda kukiona na Hilaire. Sikusema ndiyo, Maman, wala sikusema hapana. Nimemwambia Greta nitakuuliza.

Unapenda?

Binti yako anayekuomba msamaha,
Anaïs


Nant-y-gog
18 Agosti 2024

Anaïs, mwanangu mzuri,

Salamu kwako, kwa Hilaire, kwa Numbi na mdogo wake. Mkono unakunjika. Nimeusoma ukurasa wako wa mwisho nikiwa nimesimama, nikakaa, nikausoma tena.

Napenda. Mwambie Greta ndiyo, na Alhamisi ya kwanza niko bwawani na daftari. Watoto waje kwangu Jumatano mchana, watabisha hodi. Siku nyingine Hilaire aendelee na macaroni yake.

Tutafika Gare du Midi Jumamosi tarehe thelathini na moja, treni ya alasiri. Ndiyo, tutafika. Nilipomweleza Menna kwamba nakwenda, nilichora treni, nikachora nyumba ya Greta na miti. Aliitazama karatasi, akachukua kalamu, akachora mtu wa pili ndani ya treni. Amepata pasipoti juzi, ya kwanza maishani mwake, na anaionyesha mpaka kwa mbwa. Atakaa wiki tatu. Patient na Sioned wanalia, mtoto anacheka.

Andaa godoro moja zaidi, na usihangaike kutafuta mkalimani. Kifaransa hajui hata neno. Mzungumze naye Kiswahili, mradi mseme polepole.

Mama yako