Damu ya Aliyemuuza Mume Wangu

Jumatatu, 2 Machi 1992. Arua
Makohozi, mikojo, malaria. Maabara imejaa. Saa nne akaingia Juma wa Koboko, miguu imevimba, macho yamefumba kwa uvimbe. Hakunitambua. Ndiye aliyewaonyesha askari mume wangu mwaka wa themanini. "Huyu iko mutu ya jeshi." Taban alikuwa mpishi tu katika kambi ya jeshi lililopinduliwa. Wakamchukua. Basi.
Nilimchoma Juma sindano ya kutoa damu mara mbili. Mshipa niliuona tangu mwanzo.

Jumanne, 3 Machi
Mkojo wake umejaa protini. Urea, uchafu ambao figo huuondoa kwenye damu, iko juu mno. Nilifurahi.
Daktari anasema figo zikifika hapo, mishipa ya damu huharibika kwa ndani, na dalili zake huonekana kwenye damu. Sisi kipimo hicho hatuna. Chupa moja ya damu iende Kampala, kwenye barafu.

Alhamisi, 5 Machi
Chupa niliiweka dirishani, juani, mpaka ikaharibika. Nikasema barafu iliisha. Daktari akaamini.

Ijumaa, 6 Machi
Mjinga mimi. Akifa sasa, nani ataniambia Taban yuko wapi? Nikamwita, nikamtoa damu nyingine. Nimeipakia kwenye barafu mwenyewe.

Jumatatu, 23 Machi
Majibu yamefika. Mabaya. Daktari kanituma nimpelekee wodini. Nilisimama kando ya kitanda chake, karatasi mkononi.
"Mimi ni bibi ya Taban."
Akajaribu kuketi.
"Majibu yako iko hapa. Sema kwanza, mulimuweka wapi?"
Akalia. Nikamwacha alie.
"Njia ya Oraba. Nyuma ya stoo ya tumbaku. Mimi ndiyo nilichimba."
Nikamsomea yote, bila kupunguza. Mishipa imeharibika. Figo zinakufa. Mashine ya kusafisha damu hapa hakuna.
"Mama, samehe mimi."
"Hapana."
Nimekula vizuri leo.

Jumapili, 29 Machi. Koboko
Stoo imebaki kuta. Nyuma yake shamba la muhogo, na bibi kizee analima. Nikamweleza. Akaenda pembeni, penye udongo uliotitia, akaanza kung'oa miche yake mwenyewe, mmoja mmoja, mpaka pakawa wazi.
Binti yetu Zaituni, niliyekuja naye, alikuwa tumboni walipomchukua baba yake. Akavua viatu, akapiga magoti.
"Baba," akasema. "Ni mimi."
Sikulia. Nilimshika bega. Bibi akatuletea maji ya kunywa.