Mbwa Niliyemdai Msibani Kwako

Mtani wangu Shamte,

Mndengereko usiye na haya, umekwenda zako na mbwa umeniachia mimi. Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda changu cha pancha hapa Kibiti, nimekalia tairi la lori, karatasi iko pajani. Mwandiko usiucheke. Niliishia darasa la tano, lakini lori nimeliendesha mpaka Lubumbashi, na maofisa wa forodha nimekunywa nao chai wakaniita mheshimiwa. Wewe ulifika wapi? Dar, ukalinda geti.

Ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa, maana siku ile ulikuwa jenezani na huwezi kusema ulisikiliza vizuri.

Msibani kwako nilifanya kazi yangu. Mngindo akifiwa na Mndengereko halii mbele za watu, anafanya utani, na mimi niliufanya mpaka kina mama waliokuwa wanalia wakaziba midomo kwa khanga. Nilivaa lile koti lako la ulinzi nikatembea kama wewe, mguu wa kushoto unaburuzwa, nikifoka, "Nani huyo getini? Simama hapohapo! Umekuja na sigara?" Walipotaka kulitoa jeneza nikajilaza mlangoni. Sitoki mpaka nipewe haki yangu. Shangazi yako akaniletea kuku, nikamkataa. Nikapaza sauti, nadhani hata wa Ndundu darajani walinisikia: "Bahili huyu hana mali! Nipeni mbwa wake, ndiye kiumbe pekee aliyewahi kushiba nyumba hii!" Watu wakacheka. Hata shehe alitazama pembeni, mabega yanatikisika. Basi nikainuka, tukakubeba.

Nikadhani yamekwisha. Hitima ilipomalizika, dada yako Bi Zuhura akanijia na kamba mkononi, na mwisho wa kamba yupo Mgeni. Nikamwambia, "Dada, ule ulikuwa utani." Hakutabasamu. "Ndiyo maana nakupa," akasema. "Mtani adai msibani tumnyime, halafu marehemu alale na deni? Mchukue." Nani angembishia Bi Zuhura? Wewe mwenyewe ulikuwa unamkimbia.

Na hata hakuwa mbwa wako, Shamte! Ni wa kile kituo cha Dar ulichokuwa unakilinda, wanakookoa mbwa waliotupwa. Huyu walimkuta kafungwa kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama, bakuli lake limekauka. Kituo kilikuwa kimejaa, wewe ulikuwa unarudi kwenu Mchukwi, wakakuomba ukae naye mpaka apatikane mtu wa kumchukua moja kwa moja. Ndiyo maana ulikataa kumpa jina. "Jina atapewa na mwenyewe," ulikuwa unasema, ukamwita Mgeni tu. Kwa hiyo mimi, mtu niliyevuka mipaka yote hii, nimerithi amana.

Nilimpigia simu yule dada daktari wa wanyama wa kituoni. Alilia kwanza, kwa ajili yako. Kisha akasema, "Baba, kaa naye, tunaendelea kumtafutia mtu."

Nikakaa naye. Abdala wa chipsi akaacha kuniletea sahani hapa kibandani, ananiita niende kwake, mbwa asije akapitisha mdomo. Wateja wakaanza: "Fundi, siku hizi una mlinzi? Anaziba pancha na yeye?" Nikawaambia anaziba kuliko nyinyi mnavyolipa. Kumbe Mgeni hana habari na mtu. Analala chini ya turubai, na basi la Lindi likisimama anainua kichwa anatazama miguu ya wanaoshuka. Si nyuso, miguu. Wakiisha kushuka wote anakilaza kichwa. Mwanzoni sikuelewa. Nilipoelewa nikaacha kutazama upande huo.

Mtani, tangu uondoke watu wamekuwa na adabu kwangu, na adabu hiyo itaniua. Nikikosea hakuna anayenitukana. Wananiambia, "Pole, mzee." Mzee! Nikisimulia safari ya Lubumbashi wanasikiliza mpaka mwisho, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Basi nikawa namsimulia Mgeni jioni tukifunga kibanda. Nikifika pale simba walipolizunguka lori, pale ulipokuwa unarukia, "Muongo! Juzi ilikuwa simba mmoja, tena amekonda!" nilikuwa nasimama kidogo. Naiacha nafasi yako ipite. Mgeni ananitazama. Kisha naendelea.

Hivyo daktari aliponipigia kwamba amepatikana mama mmoja wa Mkuranga, mfuga kuku, anahitaji mbwa na atakuja Ijumaa kumwona, nilisema "Alhamdulillahi" kwa mdomo tu. Nilikwisha kupanga. Nitamwambia mbwa huyu mwizi wa mayai. Mfuga kuku gani atamtaka mwizi wa mayai? Atarudi kwao, na mimi nitabaki na wangu. Uongo mdogo huo, Shamte. Mimi nimesema mkubwa zaidi mbele ya maofisa wa mizani ya malori.

Akaja na daktari kwa pikapu, adhuhuri ikikaribia, mama mnene mcheshi. Akamtazama Mgeni akanitazama mimi. "Mbona mnyonge hivi? Huyu si hata paka atamkimbiza?"

Kinywa changu kikaniponza. Mnyonge? Mbwa wa Shamte mnyonge? Nikamwambia, "Mama, huyu kawatoa nguruwe kwenye mihogo ya Mchukwi peke yake, dume lenye meno hivi, mpaka likasahau lilikotokea! Kiboko alimwona akarudi mtoni!" Daktari akaziba mdomo. Nilikuwa namuuza mwenyewe kwa sauti yangu, najisikia, na siwezi kunyamaza.

Yule mama akacheka weee, kisha akachuchumaa. Hakumshika, hakumwita. Aliweka mkono chini kwenye vumbi, kiganja juu, akaendelea kuongea na daktari habari za mvua kama vile mkono si wake. Tulikaa vile mpaka miguu ikaniuma mimi niliyesimama. Mgeni akasogea, akarudi, akasogea tena. Mwisho akalaza kidevu kwenye kile kiganja.

Ndipo mama akaniuliza, "Na mayai je, baba? Anakula?"

Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Hagusi," nikasema. "Hata limpasukie puani, hagusi."

Nilimbeba mwenyewe kumpandisha pikapu, mimi niliyekuwa namwongoza kwa kamba ndefu siku zote. Akanilamba mkono mpaka kwenye kiwiko, na mimi nimeshatia udhu wa Ijumaa. Nikaenda bombani nikauosha mara saba, mojawapo kwa udongo, kama tulivyofundishwa madrasa. Nilipomaliza mkono ulikuwa umetakata kabisa, na ule utakato sikuupenda. Nilichelewa hotuba.

Bi Zuhura hajambo, anachimba mihogo yako na kukulaumu kwamba umeipanda kwa kubanana. Mimi nafungua kibanda asubuhi, nafunga jioni. Basi la Lindi likisimama, anayetazama miguu ya watu sasa ni mimi. Usimwambie mtu huko uliko.

Mungu akupanulie pale ulipolala, ndugu yangu, akusamehe ubahili na vyote vingine, na ukikutana na walinzi wa huko usijitie kuwafundisha kazi.

Nakuahidi jambo moja. Idi ikifika nitapanda basi mpaka Mkuranga nikamwone. Yule mama amenikaribisha, na jina amekwisha kumpa, anaitwa Shujaa, kwa sababu ya yale maneno yangu ya kiboko. Huenda akanikumbuka. Huenda akanibwekea kama mwizi, akarudi kukaa miguuni pa mwenyewe, na hapo nitajua amefika kwao. Nikitoka huko nitakuja moja kwa moja kaburini kwako nikusimulie. Nitakuambia aliniona toka mbali, akanirukia mpaka kofia ikaanguka, akalia kama mtoto. Nitakuambia hivyo hata ikiwa hakuinua kichwa.

Na wewe siku hiyo nibishie, mtani. Kwa njia yoyote utakayoweza.

Mngindo wako,
Athumani Pancha