Siku Zuhura Ilipopita Waithaka

Vancouver, Kanada
Mwezi wa saba, 2004

Kwa kaka yangu Ndung'u,

Hujambo, na watoto hawajambo? Kile kifua cha mdogo kimepona, au bado anakohoa usiku? Mimi ni mzima. Nimerudi kazini kwa wazee ninaowatunza. Nawaosha, nawalisha, nawasikiliza wakinung'unikia baridi, na nikifika kwangu nalala kama gogo. Hizo ndizo salamu, na zimetoka moyoni. Sasa nisikilize, maana nina hasira nawe tangu uliponipigia simu.

Ulisema nilimliza mama mbele ya akina mama wa kanisa kwa sababu ya karatasi. Ukasema nimwandikie mchungaji barua ya kuomba radhi, na nyingine nimwandikie mke wako. Ukaniuliza kama nilikuja nyumbani kumwona mama au kuona nyota. Halafu ukakata simu, mtu mzima na ndevu zako! Hukuwepo siku hiyo, Ndung'u. Umesikiliza upande wa mke wako tu na hukumu umeshatoa. Basi kaa nikupe upande wa pili.

Unajua huku nimejifunza kupiga picha za angani, ndiyo starehe yangu pekee. Mwaka huu sayari ya Zuhura ilikuwa ipite mbele ya jua, jambo ambalo hakuna mtu aliye hai aliyekuwa amewahi kuliona. Kanada wakati huo ni usiku, nyumbani Waithaka ni mchana kweupe. Nikapanga likizo yangu iangukie hapo, nimwone mama na nione Zuhura. Kosa liko wapi? Mtu akija nyumbani Krismasi, mbona hamumuulizi kama amekuja kumwona mama au kula mbuzi?

Vyombo nilichagua vya kubebeka: darubini fupi kama chupa ya chai, stendi ya miguu mitatu, mota ndogo ya kuizungusha ifuate jua, kamera ya filamu niliyoivaa shingoni, na karatasi inayong'aa kama fedha ambayo hufunika mdomo wa darubini. Bila karatasi hiyo, anayelitazama jua hupofuka. Safari yenyewe ilinitia adabu. Uwanja wa ndege wa kwanza walininyang'anya betri. Wa pili walitaka kupitisha filamu zangu kwenye mashine ile ya eksirei inayoziunguza, tukabishana mpaka wakazikagua kwa mikono. Nairobi, afisa wa forodha akaishika darubini akaniuliza inapiga umbali gani. Nikamwambia, afande, inapiga picha tu. Ukiitoa hiyo betri, kote huko sikupoteza hata skrubu. Nilikuja kupotezewa sebuleni kwa mama!

Jumatatu, siku moja kabla, nilikwenda mjini, kwenye maduka ya barabara ya Luthuli, kutafuta betri ya pikipiki iendeshe ile mota. (Mtu akiniuliza sasa, nitamwambia betri hununuliwa unakokwenda, haibebwi.) Niliporudi nilikuta begi langu limefunguliwa, tupu. Desturi yetu naijua: mtu akitoka majuu, begi lake ni la ukoo mzima. Lakini vya watu nilikuwa nimeshavigawa Jumapili, blanketi ya mama, viatu vya watoto wako. Kilichobaki kilikuwa changu. Darubini niliikuta juu ya kabati, imevishwa kitambaa cha kufuma kama redio. Stendi alikuwa amepewa mwalimu wa kwaya awekee vitabu vya nyimbo. Chuma kizito cha kusawazishia darubini kilikuwa kinazuia mlango wa jikoni usijifunge. Na karatasi ya jua ilikuwa imekatwa kwa mkasi.

"Aki Njeri, si ungesema ni ya maana?" mke wako akaniambia. "Mimi nilidhani ni wrapping paper ya majuu. Si unaona vile inang'aa!"

"Iko wapi?"

"Imeisha. Hizo ndogo tumefungia akina mama keki za kesho. Ile kubwa tumefunga nayo zawadi ya pastor, iko kwa gari."

Neno pole halikumtoka. Shangazi Wairimu, ambaye ndiye aliyekuwa akimshikia upande wa pili wakikata, akacheka: "Na wewe unatoka Kanada na vyuma tu? Kwani huko hakuna nguo?" Vile vipande vya kufungia keki vilikuwa vimetobolewa na stepla, havikufaa kitu, maana tundu dogo tu hupitisha jua likaunguza jicho. Nikamwomba mke wako ile kubwa. Akakataa katakata, eti zawadi ikishafungwa haifunguliwi, akaondoka nayo hadi kwenu Loresho. Nilikaa nje kwenye ngazi nikalia, na sioni haya kukwambia.

Jumanne kulikuwa na mawingu mazito, unaujua mwezi wa sita. Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya, nikaichukua stendi yangu yeye akinitazama kama mwizi. Nikaisimamisha darubini uani. Akina mama wa kanisa wakaja na mchungaji kuniombea, mama amewaalika kwa fahari zake zote. Karibu saa tano mawingu yakafunguka, jua likatoka, na darubini yangu imesimama pale kipofu. Zuhura ilikuwa imeshakaribia nusu ya njia. Hapo ndipo mke wako alipoingia na zawadi mikononi.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi niliichukua. Nikabandua selotepu taratibu, nikamkabidhi mchungaji saa yake ya ukutani ikiwa uchi, nikainua karatasi kwenye taa ya sebuleni kutafuta tundu. Haikuwa na hata moja.

Huyo mchungaji unayetaka nimwangukie miguuni alicheka mpaka akakohoa. "Saa niko nayo ingine nyumbani," akasema. "Lakini hii ya jua sijawahi ona. Naweza kuwa wa kwanza?" Na akawa wa kwanza. Nilibandika karatasi kwa plasta, nikapiga picha zangu, akina mama wakapanga foleni, mmoja akapiga kelele, "Wee! Ni kama mbegu ya sukuma wiki!" Mke wako mwenyewe alitazama mara mbili. Hilo alikwambia?

Ni mama tu ambaye hakutazama. Kweli alilia, sikatai. Mke wako alimwona langoni akijifuta macho kwa leso, akaamua ni aibu ya zawadi. Mimi nilimfuata nikamuuliza. Ulikuwa umemwahidi kwamba utatoka ofisini Upper Hill, hapo hapo Nairobi, saa sita, ule naye, halafu wewe mwenyewe umpe mchungaji ile zawadi. Sahani yako ilikuwa mezani imefunikwa. Saa sita ikapita, saa saba ikapita, simu yako imezimwa. Nikamshika mkono. "Mama, twende uone, inakaribia kutoka. Ni dakika moja tu."

"Nikiweka jicho huko," akasema, "ni nani ataona gari ya Ndung'u ikiingia?"

Nilimsihi. Akaniambia nirudi kwa wageni. Zuhura ikafika ukingoni mwa jua ikatoka, akina mama wakapiga makofi, na mama amesimama langoni ametupa mgongo, anatazama barabara.

Mimi nimetoka ng'ambo ya bahari. Wewe ulikuwa utoke Upper Hill.

Barua ya kuomba radhi basi sitaandika hata moja. Msalimie Shangazi Wairimu, sina kinyongo naye, ulimi wake ndio huo tangu zamani. Wasalimie watoto wako, wajue shangazi yao anawakumbuka. Mke wako pia msalimie. Viatu vikiwabana watoto aniambie.

Humu kwenye bahasha nimetia picha, jua na ile nukta yake nyeusi. Ni ya mama. Usimpe mtu akupelekee.

Mimi dada yako mdogo,
Njeri