Kihispania cha Barazani Kwako

Shangazi Fatu,

Sisi huku Olumbi wazima. Nyumba yako tunaifagia. Ila kile Kihispania ulichorudi nacho ulipomaliza masomo Kuba sasa nimebaki nacho peke yangu, na hilo linanitisha.

Kwenye kituo cha afya, ninapoandikisha wagonjwa, amekuja daktari mwanamke kutoka Hispania. Kireno chake kidogo, Kiswahili hana. Wakubwa wakasema karani, yaani mimi, atatafsiri.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinicheka ukinifundisha barazani? "Acha Kireno chako nje pamoja na viatu, mwanangu!" Maana kila uliposema *ha vomitado*, mimi niliyesomeshwa kwa Kireno nilisikia Kireno, *tem vomitado*, mgonjwa anatapika siku nyingi. Kumbe ni "ametapika" tu. Ukanipitisha kwenye lugha yetu: alitapika, *vomitó*, ametapika, *ha vomitado*. Kisha ukasema jambo ambalo walimu wangu wengine wasingelikiri: "Sisi Kuba tulisema *vomitó* hata kwa jambo la asubuhi hii. Wa Hispania watasema *ha vomitado*. Usimsahihishe mtu. Ukiwa na shaka, uliza lini."

Juzi bibi mmoja kutoka Quiterajo alileta mjukuu wake, homa kali. Daktari akataka kujua kama mtoto amepata sindano ya malaria. Bibi akajibu, "Kachomwa, baba." Ulimini nilikuwa na *le pusieron*, "alichomwa", Kihispania chako cha Kuba, na daktari angedhani ni sindano ya siku zilizopita. Tayari alikuwa anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Nikahisi unanifinya sikio.

"Lini, bibi?"

"Si leo hii, alfajiri, kwenye zahanati tuliyopitia! We ulidhani mwaka jana?"

Benchi zima la wagonjwa likacheka. Nikamwambia daktari: *le han puesto una esta mañana*, amechomwa moja asubuhi hii. Akaliweka bomba chini, mtoto asichomwe mara mbili.

Leo mtoto ameomba uji. Daktari aliniuliza nimesoma chuo gani. Nikamtaja shangazi yangu, kisha nikajifanya natafuta kalamu.

Jumatatu anakwenda Quiterajo, anataka tufuatane. Barabara ile unaijua ilivyo na hatari, na mimi unanijua nilivyo mwoga. Nitakwenda. Nakuahidi, mbele ya mgonjwa, nisipoelewa nitasema sijaelewa, hata benchi zima licheke tena.

Mungu akulaze penye nuru, Shangazi.

Mwanao,
Saidi