Tepu ya Buluu kwenye Goti la Wekesa

Jumatatu, 3 Machi
Uji, mazoezi, busu kwenye goti. Kila asubuhi hivyo. Wiki ya sita ya ndoa, ya tatu tangu Wekesa wangu apasuliwe goti alilolitegua akichezea timu ya polisi. Bado limevimba kama boga. Leo Bi. Muthoni, mtaalamu wa viungo, amelibandika tepu ya buluu inayovutika, imekatwa kama vidole vya mkono. Ati inainua ngozi kidogo, maji ya uvimbe yapate njia. Kitambaa tu? Nimekichungulia mara ishirini.

Ijumaa ya wiki ijayo daktari anapima. Goti lisipokunjika vya kutosha, Wekesa anarudishwa chumba cha upasuaji. Naogopa.

Alhamisi, 6 Machi
Tepu imeanza kubanduka. Nimeitoa polepole, kwa mafuta. Ajabu! Ilipokaa, weusi wa damu iliyovilia umepungua. Katikati ya vidole vya tepu bado upo. Mume wangu ni punda milia! Nimempiga picha tisa.

Nimebandika mpya mwenyewe. Nimevuta kwa nguvu zote, kama tulivyofunga magunia ya viazi kwa mpira wa tyubu kwetu Endarasha. Ikikaza ndiyo inashika.

"Bibi yangu, hii ni goti, si gunia!"

Nikamwambia anyamaze atibiwe.

Ijumaa, 7 Machi
Malengelenge. Matatu, kwenye ncha za tepu. Mimi ndiye nimemuumiza. Nimelia jikoni.

Jumamosi, 8 Machi
"Fundi wa hii kazi ni nani?" Bi. Muthoni ameuliza. Wekesa akaninyooshea kidole. Msaliti mzuri!

Kumbe ncha hazivutwi kabisa. Katikati, kwa uvimbe, inavutwa kidogo mno. Haishiki mfupa wala haifungi kitu. Hakuna tepu hadi ngozi ikauke. Siku sita zimebaki.

Nimejibandika kipande kwenye kiwiko. Nikikunja mkono, ngozi inanong'ona.

Jumanne, 11 Machi
Imekauka. Nimebandika upande mwingine, kwa wepesi kama ninavyomfunika akilala. Nimepima kwa futi ya kushonea: uvimbe umeshuka! Tepu au mazoezi? Bi. Muthoni anasema hata yeye hawezi kuapa. Nimempenda kwa hilo.

Ijumaa, 14 Machi
Limekunjika. Hakuna upasuaji. Daktari hata hakuuliza kuhusu tepu.

Sasa ni alasiri, mvua inanyesha hapa Gatitu. Wekesa amelala ubavu, mara ya kwanza tangu apasuliwe. Goti amelikunja, linanigusa mgongoni. Naandika bila kusogea.